Sahani ya Bibi Ninayoimaliza Mimi

Shangazi mshauri, shikamoo. Barua hii nimeianza mara tatu nikaichana, maana jambo lenyewe naona haya kumwambia hata mama.

Nimemaliza shule juzi tu, na kwa kuwa sina kazi nimepewa jukumu la kumwuguza bibi, mama yake mama, aliyelazwa wodi ya wazee wiki ya tatu sasa baada ya kuanguka bafuni na kuvunjika nyonga, na kila mchana chakula chake kikiletwa ananisukumia sahani na kusema, "Kula, mke mwenzangu, mimi nimeshiba harufu," nami nakula, Shangazi, nakula chote, kwa sababu ndivyo tulivyoishi, nilipokuwa mdogo alikuwa akinimegea tonge la mwisho la sahani yake na kuniwekea kiganjani, akisema hilo ndilo lenye baraka, na pale wodini kwa dakika kumi narudi kuwa yule mtoto wa miaka mitano aliyekaa mkekani jikoni kwake.

Kisha muuguzi anapita, anaiona sahani nyeupe, anauliza, "Bibi, leo umekula?"

"Nimekula mpaka sahani imeomba radhi."

Wodi nzima inacheka, muuguzi anaandika kwenye karatasi ya kitandani kwamba amemaliza, na mimi natazama viatu vyangu.

Juzi nikimnawisha, bangili yake ya shaba ilimtoka yenyewe ikaangukia kwenye beseni. Zamani bangili hiyo tulikuwa tunaivuta kwa sabuni, mimi na yeye, tukicheka mpaka machozi, na haitoki. Aliniona nikiitazama, akasema, "Usiseme. Wakijua sili, hawataniruhusu nirudi nyumbani." Nikaahidi. Nikisema nitakuwa nimemsaliti, na nikinyamaza naogopa hata kumaliza sentensi hii.

Mjukuu mwenye haya

Marahaba, mwanangu. Huna roho mbaya, una roho laini, lakini ulaini huo ndio unaommaliza bibi yako. Karatasi ile ndiyo macho ya daktari, na nyinyi wawili mmeyafumba. Wazee wengi hawalii njaa, huifanyia mzaha, na mfupa uliovunjika hauungi kwa harufu. Anaficha ili arudi nyumbani upesi, kumbe anajichelewesha.

Ahadi hiyo ivunje leo, kabla chakula cha mchana hakijafika. Kama ulimi ni mzito, mpe muuguzi bangili mkononi na useme, "Hii ilikuwa haitoki. Chakula nakula mimi." Inatosha. Omba bibi apimwe uzito, na kama hawezi kusimama wampime mkono kwa utepe. Wamtazame na kinywa: meno ya bandia yanayopwaya, kidonda, au dawa inayouharibu ulimi. Anayeshiba harufu huenda kutafuna kunamuuma. Kisha mwambie bibi mwenyewe ulichofanya, asije akasikia kwa wengine. Atanuna. Mwache anune, kununa hakuui.

Wewe ule nyumbani kabla ya kwenda. Sahani ikija, keti karibu naye, safari hii umege wewe, kidogo kidogo, bila haraka. Kikibaki chakula, kibaki, muuguzi akione. Tonge la mwisho mwekee kiganjani, na akikataa mkumbushe ni nani aliyesema lina baraka. Bangili itunze vizuri, na kipande cha sabuni kiwe karibu. Mtakihitaji.