Hukuonja, Mimi Nilionja

Mpendwa dada Pelagia,

Kamwene, dada. Daktari ameacha kunidanganya kwamba nitapona. Kwa hiyo nakuandikia hadharani, wasome na wale waliokusema.

Unakumbuka masika yale ya miaka ya sabini, Paroko alipokutwa sakristia amekufa, amepigwa kichwani, na mlango umefungwa kwa nje? Wewe ulikuwa sista pale misheni, ukimuuguza Padri Mzee; mimi nilikuwa frateri, nimebakiza miezi michache nipadrishwe. Polisi walikuja, wakaondoka, hakukamatwa mtu. Basi watu wakajijibu wenyewe. Wakasema chini ya altare kuna dhahabu ya Wajerumani, Paroko aliigundua, na wakubwa wa Kanisa wakamnyamazisha. Vijana wakachimba nyuma ya altare mpaka wakagonga mwamba. Hawakupata kitu.

"Mnaona?" wakasema. "Wameshaihamisha!"

Tulicheka mimi na wewe, ingawa nasi tulianza kufunga milango mapema. Kisha wakasema aliyebaki akiijua siri ni Padri Mzee.

Mzee wa watu, miguu imemvimba, pumzi inamkatika hata akivaa viatu. Alichotamani ni ulanzi tu, ile pombe ya mianzi ya mama yetu. Mama akatupa kibuyu, nikakibeba mimi. Uliposimama njiani kumwamkia shangazi shambani kwake, nilijibanza nyuma ya mianzi nikapiga mafunda ya nguvu. Frateri aliyekutwa na pombe alirudishwa kwao siku hiyo hiyo, nawe ulilijua hilo. Uligeuka, ukaniona.

"Futa mdomo, Baba Padri mtarajiwa," ukaniambia. "Unanuka harusi nzima."

Tulipofika ulimmiminia Padri Mzee mbele ya mpishi na akina mama waliokuja kumjulia hali. Kwetu anayeleta pombe huonja kwanza, mgeni aone kwamba haina sumu. Lakini kanuni ya shirika lenu ilimkataza sista kugusa pombe kwa mdomo, nawe ukampa kikombe bila kuonja. Niliwaona wale akina mama wakitazamana. Padri Mzee akanywa, akakushukuru, akalala. Asubuhi hakuamka.

Daktari alisema ni moyo. "Daktari wa nani?" watu wakauliza. "Si wa misheni hao hao?"

Wakatuita mkutanoni, uwanja wa shule. Bibi mmoja alisimama akakunyooshea fimbo: "Mhehe gani analeta pombe bila kuonja? Huyu katumwa!"

Mwenyekiti wa kijiji akakuuliza, "Sista, ulionja?"

"Sikuonja, mzee. Kanuni yetu hairuhusu."

"Yupo mwingine aliyeonja?"

Nilikuwa benchi la pili, nimevaa kanzu yangu nyeupe. Ilitosha nisimame niseme: nilikunywa mimi, na mnaniona mzima. Ulinitazama, dada. Halafu ukawageukia ukasema, "Hakuna."

Wewe uliyenizaba makofi utotoni kwa kila uongo, ulisema uongo mbele ya kijiji kizima ili mimi niwe padri. Nami nikainamisha kichwa, kama mtu anayesali.

Shirika lilikuvua shela, wakasema ni kwa usalama wako. Ukapanda lori Ipogolo kwenda Uyole, ukidhani huko hakuna anayekujua. Kumbe madereva walishaifikisha hadithi. Nilikuja kukuona nikiwa nimeshapadrishwa, nikakukuta sokoni unauza maandazi. Mteja mmoja akakuambia, "Onja kwanza, mama." Ulimega andazi, ukalitafuna taratibu, ukamuuliza, "Haya, nimekufa?" Soko zima likacheka. Nilipotaka kuyagusa ya zamani ulinikatiza: "Umemsomea mama misa? Basi kula, unakonda."

Dhambi hii nimeiungama mara nyingi, na kila mara nikasamehewa. Lakini kitubio ni siri ya watu wawili, na jina lako lilichafuliwa uwanjani. Ulipofariki nilikuzika mimi mwenyewe, nikahubiri juu ya uvumilivu wako, nisiseme ulivumilia kwa ajili ya nani. Waombolezaji walinisifu kwa mahubiri yale. Nilirudi Iringa nikiwa sina hamu ya kula.

Hata leo hadithi inasimuliwa: dhahabu, wakubwa, sista wa sumu. Aliyemuua Paroko simjui. Huenda alikuwa mwizi tu. Huenda wapo wakubwa waliojua jambo, nami siwezi kuwaapia. Naapa kwa lile ninalolijua. Ulanzi ule ulikuwa safi, na wewe hukumuua mtu.

Jumapili hii paroko wa sasa, niliyembatiza mwenyewe, ataisoma barua hii kule misheni kabla ya baraka. Alinisihi, "Baba, tungoje kwanza utangulie." Nimekataa. Wakinisikia nikiwa kaburini watanihurumia bure. Nitakuwa mbele yao kwenye kiti cha magurudumu. Wajukuu wa akina mama wale waniulize wanachotaka, nami nitawajibu mpaka sauti iishe. Naogopa, dada. Naogopa kama siku ile ya mkutano, ila safari hii nimeomba nikalishwe nikiwaelekea watu.

Lala salama huko Uyole. Mengine tutazungumza, nikiruhusiwa kufika uliko.

Ni mimi mdogo wako,
uliyemkinga.