Kilo Hamsini za Rubani

Mjukuu wangu Joselyne,

Shikamoo yako imefika, marahaba. Shangazi yako wa Kasingirima amejifungua mapacha: mmoja kilo mbili na robo, mwingine mbili kamili. Bibi yako hashikiki kwa furaha.

Umeniuliza kama ukubali kurusha ndege za huko ulikosomea, ilhali wewe si raia wao. Kubali. Ila nikwambie kitu.

Miaka ile ya ukimbizi nilipima mizigo uwanja wa ndege wa Kigoma. Rubani wetu naye hakuwa raia, kama mimi. Lakini yeye askari walimpigia saluti. Mimi waliniuliza kibali kila asubuhi. Nilimwonea wivu sana.

Siku moja nikarudia hesabu yake ya mizigo, nikitafuta kosa tu nimwaibishe. Nikalipata.

"Kapteni, umezidisha kilo hamsini," nikasema mbele ya watu, nikijua naweza kufukuzwa.

Akacheka. "Wewe mkimbizi unanifundisha ndege?"

"Ndege sijui. Kujumlisha najua."

Akajumlisha upya, akaamuru mfuko mmoja wa maharage ushushwe. Tangu hapo, miaka miwili, hakuruka bila kuniuliza, "Jumla ngapi?" Jina langu hakuniuliza hata siku moja.

Basi kubali kazi, ingawa hata wewe nakuonea wivu. Lakini kabla hujaruka, muulize anayekupimia mizigo anaitwa nani.

Babu yako,
Zakaria