Damu Isiyo na Maziwa

Mwanza, 9 Juni 2024

Shikamoo Baba,

Natumaini u mzima, na kwamba goti limetulia sasa mvua zimekwisha. Mimi sijambo, masomo yanaendelea. Jirani zangu wanakaanga samaki tangu asubuhi. Ungekuwa hapa ungeziba pua kutwa nzima.

Naandika kwa sababu ya zile karatasi. Nilipokuja Kigali Januari niliwachoma vidole ndugu wote, nikadondosha damu kwenye karatasi kwa ajili ya utafiti wangu. Majibu yametoka. Mafuta tunayokula hayaishii tumboni, Baba. Yanaingia kwenye chembe za damu na kukaa humo wiki nyingi. Ukiipima damu unajua mtu alikula nini, hata kama mwenyewe amesahau. Maziwa yana alama yake, samaki wana yao, na mafuta yaliyorudiwa kikaangoni mara nyingi yana yake pia.

Karatasi yenye namba yako imekosewa. Inaonyesha mtu asiyekunywa maziwa na anayekula vya kukaanga karibu kila siku. Wewe, unayeletewa ikivuguto, maziwa yetu ya mgando, kutoka Nyagatare kila Jumamosi! Nilimsimulia Ntare kwenye simu, akacheka mpaka akakohoa. "Baba mkwe hana maziwa? Basi hata ziwa la Nyarutarama limekauka."

Nadhani nilichanganya karatasi. Nakutumia nyingine na sindano yake. Dondosha matone manne, kausha kivulini, umpe dereva wa basi.

Jambo la pili. Kule Gikondo wakwe zangu wameanza kuuliza kama ng'ombe wawili wa mahari wamezaa. Baba yake Ntare, mzee Melchior, mwenyewe hasemi kitu, lakini shangazi zake Ntare wanajua desturi kama sisi: ng'ombe wakizaa, ndama mmoja hurudishwa kwa maharusi. Niwajibu nini?

Binti yako,
Kamikazi


Kinyinya, 23 Juni 2024

Mwanangu Kamikazi,

Marahaba. Goti ni lile lile. Kazi ya stoo ya saruji inaendelea, wanajenga ghorofa ya tatu sasa, vumbi ni jingi. Nafurahi u mzima.

Kosa ni la mashine yenu. Damu mpya hii hapa.

Ng'ombe wapo. Ndama atakuja malisho yakikaa vizuri. Waambie shangazi hao kwamba ng'ombe hazai kwa kuulizwa.

Habari za tumbo langu usiziongee na watu, hata mumeo. Kwetu mtu akila, mlango hufungwa. Hilo nilikufundisha tangu Karagwe.

Baba yako


Mwanza, 18 Agosti 2024

Shikamoo Baba,

Natumaini uko salama. Mimi mwili ni mzima.

Karatasi ya pili imepimwa. Maziwa yapo, tena mengi. Lakini mtu huyu anakula samaki mara kadhaa kwa wiki, kwa miaka na miaka ningesema, maana kiasi chake kinazidi cha watu wengi wa hapa Mwanza. Baba, ulihama nyumba Karagwe kwa sababu mpangaji wa chumba cha pili alikaanga dagaa.

Damu hii si yako. Kwa hiyo ile ya kwanza ndiyo yako.

Nilishika simu nimpigie Gasana, mchungaji wetu, nimuulize ng'ombe wako wapi. Nikaiweka. Sitaki kusikia kwake.

Nina la kusema, na sijui nilisemeje. Barua yako iliyonikataza kusema ilifika nikiwa nimeshasema. Ntare aliipeleka hadithi ya damu yako kwa baba yake siku ileile, kama kichekesho cha mezani. Anasema mzee Melchior peke yake hakucheka. Aliacha kula, akanawa mikono. Kazi yangu inanifunga: damu ya mtu ni siri yake. Niliweka sahihi kwa hilo. Halafu ya baba yangu nikaifanya mzaha. Tangu nijue, nikikutana na mwalimu wangu kwenye korido natazama chini, ingawa yeye hajui lolote.

Kuhusu afya sitakuficha. Kwa presha uliyonayo, mafuta yale ya kurudiwa ni hatari kwa moyo. Acha vya kukaanga. Maharage, mboga, karanga. Maziwa si lazima yatoke zizini kwako. Na samaki, hata kwa kuziba pua.

Nisamehe.

Binti yako,
Kamikazi


Mwanza, 15 Septemba 2024

Shikamoo Baba,

Hujambo? Dereva anasema alikukabidhi barua mkononi, ukaitia mfukoni bila kuifungua. Nikipiga simu unasema mtandao mbaya.

Ndama simtaki. Nataka kujua kama unakula.

Kamikazi wako


Kinyinya, 6 Oktoba 2024

Mwanangu,

Marahaba mara mbili, kwa barua zote mbili. Mimi ni mzima. Sikuugua wala mtandao haukuwa mbaya. Niliona haya.

Ng'ombe walikufa mwaka jana mwezi wa tano, wote wawili, na mimba zao. Kulikuwa na homa ya mifugo na daktari alipita kuchanja. Nilimwagiza Gasana awafiche bondeni. Nilisema ng'ombe wa Karangwa hawachomwi sindano na watoto wa shule. Wa jirani walichanjwa, wapo hadi leo. Sikuibiwa wala sikudanganywa na mtu. Niliwaua kwa kiburi, nao walikuwa mahari yako.

Kioski cha maziwa kiko ng'ambo ya barabara, nakiona nikiwa mlangoni pa stoo. Tangu wakati ule sikuvuka. Hapa wananijua kama mwenye ng'ombe. Mwenye ng'ombe akionekana ananunua kikombe, kila mtu anajua zizi limekwisha. Basi nikawa nakula mihogo ya yule mama anayekaangia mafundi, nyuma ya magunia ya saruji. Mafuta yake ni meusi kama yanayomwagwa kwenye gereji ya mumeo.

Sasa habari ya ile damu. Siku chache baada ya barua yako ya Juni, Melchior alikuja. Kutoka Gikondo hadi hapa, hajawahi kuja bila taarifa. Akakaa juu ya gunia, akaona karatasi yako na sindano.

"Bamwana," akasema, ndivyo tunavyoitana wazazi wa maharusi, "hii kitu ni ya nini?"

Nikamwambia ni ya masomo yako, nami naahirisha kwa sababu kidole kinauma.

"Mwanaume mzima anaogopa sindano! Kamata kidole yangu. Mimi nakunywa maziwa kila siku."

Nilidhani anatania. Akanyoosha mkono, akaushikilia hapo. Nikamchoma. Hakuuliza kitu, sikueleza kitu. Alipanda pikipiki, akaondoka, na ilipokata kona ndipo nilipojua kwamba anajua zizi ni tupu. Sikujua amejulia wapi mpaka ulipoandika.

Amekulia Uvira, kando ya ziwa, na hajaacha samaki wake mpaka leo. Hilo hatukulifikiria. Wazee wawili wenye mvi, tumeshindwa kumdanganya mtoto.

Nilikuwa nikimkwepa tangu Agosti. Jumapili iliyopita akanikuta mlangoni. Hakunisalimu. Alivuka barabara moja kwa moja, akaagiza vikombe viwili, akaniita kwa ile sauti yake ya kuitia mitumbwi:

"Karangwa! Unakuja kunywa ama unangoja nikubebe mgongoni?"

Mafundi wote waligeuka. Mama wa mihogo pia. Mwanangu, barabara ile si pana, lakini nilikagua kufuli ya stoo mara mbili kwanza. Nilivuka. Aliniambia kwa sauti ya chini habari ya ndama tuizike. Nikakataa. Nikamwambia, mwenye kioski akisikia: ng'ombe uliowatoa wamekufa, niliwaficha wasichanjwe, ndama hayupo. Akasema, "Kunywa kwanza, inapoa." Nikanywa. Haya haikuisha. Hata leo nikivuka naona kila mtu ananitazama, na pengine hakuna anayenitazama.

Kuhusu Ntare, ulikosea na unajua. Sitaongeza. Mimi niliposema uwongo nilikupa kazi ya kuupima, kwa hiyo tusilaumiane.

Melchior ameniletea sambaza, vile visamaki vya ziwani, kwenye mfuko wa plastiki uliofungwa mara tatu. Bado sijaufungua.

Ndani ya barua hii kuna karatasi ya damu. Sindano nilinunua duka la dawa. Safari hii kidole ni changu. Usitegemee kuona maziwa, ni wiki moja tu. Utaiona mihogo, na usiifiche. Mahali pa namba nimeandika jina langu lote. Kama sheria yenu hairuhusu, lifute wewe.

Baba yako