Shafti ya Upande wa Kushoto

Februari 3

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Kwanza nakujulia hali. Kile kikohozi kimekuachia, au bado kimekukalia kifuani? Sisi huku wazima. Mama anakula sasa, ingawa maneno yake yamekuwa machache.

Gereji inajikongoja. Tangu yule mwalimu afie kwenye gari lililotoka mikononi mwetu, na wewe ukafungwa miaka mitatu, wateja wanavuka barabara wakiniona, utadhani nina upele. Lakini juzi fundi cherehani wa jirani kaniletea kigari chake. Ukikitazama kwa nyuma, matairi yameinama, juu yameingia ndani na chini yametoka nje, kama miguu ya meza iliyozidiwa mzigo. Kikipanda tuta kinalia kama kitanda kibovu. Tairi la kushoto limelika upande wa ndani.

Nadhani ni beringi za mikono ya nyuma, ile inayoshika magurudumu, ugonjwa uleule wa gari la mwalimu. Nifundishe kana kwamba hujawahi kunifundisha. Safari hii sitaki kubahatisha.

Mwanao,
Kifungua mimba wako

Februari 26

Mwanangu,

Marahaba. Kikohozi kipo, kinalala na mimi na kuamka na mimi, hata mama yako hajawahi kunisogelea hivyo. Barua yako imenifikia ikiwa imefunguliwa. Ofisa wa hapa husoma zote, zinazoingia na zinazotoka, kwa hiyo tuongee kazi tu.

Inua nyuma kwa jeki, halafu weka stendi, usiiamini jeki. Shika tairi juu na chini ulitikise. Likicheza, usikimbilie kulaumu beringi ya gurudumu. Mwambie mtu alitikise, wewe weka kiganja pale mkono unapoingia kwenye ekseli. Ukisikia kunagonga hapo, umemkamata mwizi. Sili, ile raba ya kuzuia maji, ikishakufa maji yanaingia, grisi inageuka uji wa kutu, na vile vyuma vyembamba vya ndani ya beringi vinaanza kuila shafti, kile chuma ambacho mkono huzungukia.

Sasa nisikilize vizuri. Ukishautoa mkono, futa shafti, upitishe ukucha taratibu, hasa upande wa chini unaobeba uzito. Ukucha ukikwama hata mara moja, shafti hiyo haifai. Beringi mpya juu ya shafti iliyolika haimalizi miezi mitatu. Mkono utalala, tairi litasugua bodi mpaka lipasuke. Msasa usiuguse. Na mtu akikwambia piga msasa ufunge, hata awe mkubwa wako, mkatalie.

Baba yako

Machi 30

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Mama anakusalimu sana.

Nimefungua. Kulia ni nzima. Kushoto ukucha ulikwama. Nilikaa chini palepale sakafuni kwenye mafuta, nikalia, na wewe unajua kwa nini.

Ndugu ofisa unayefungua barua hizi, shikamoo na wewe. Hapa naomba usome polepole. Gari la marehemu mwalimu nililifunga mimi. Baba alikuwa amelazwa hospitali wiki nzima. Shafti ya kushoto ilikuwa na vishimo, nikaviona kwa macho yangu, nikapiga msasa mpaka ikang'aa, nikafunga beringi mpya. Sikumuuliza mtu. Baba aliporudi akasaini kadi ya kazi bila kukagua, na tairi lilipopasuka na mwalimu akafa, akasimama mahakamani akasema kazi ile aliifanya yeye. Nakala ya barua hii naipeleka polisi leo.

Nisamehe, baba. Kwa kifua hicho huwezi kumaliza muda uliobaki, na mimi siwezi kuendelea kula kwa jina lako.

Mwanao,
Kifungua mimba wako

Aprili 8

Mwanangu,

Leo sina salamu. Umerukwa na akili?

Mheshimiwa ofisa, binti yangu amechanganyikiwa kwa huzuni. Hajui hata kushika spana. Kazi yake pale gerejini ilikuwa kufagia na kuchemsha chai. Gari lile nililifunga mimi kwa mikono yangu, mwanzo mpaka mwisho.

Na wewe, kaa nyumbani na mama yako. Usiende popote. Nakuamuru. Nakuomba.

Baba yako

Julai 19

Mwanangu,

Hujambo? Unapata usingizi? Blanketi nililoacha getini walikupa? Leo ni mimi niliye nje na wewe uliye ndani, na sijui hata niandike nini kwanza. Baada ya wewe kukiri walisema kosa langu lililobaki ni kusaini bila kukagua, na muda niliokaa unatosha. Kigari cha fundi cherehani nimekimalizia. Nimeweka shafti mpya pande zote mbili.

Nimekwenda polisi mara nne. Nimewaambia lile ulilolificha, kwamba uliniuliza. Ulinipigia simu nikiwa kitandani hospitali, ukasema, baba, shafti ya kushoto imelika, na mpya itachukua wiki mbili kufika. Mwalimu alikuwa anaulizia gari lake kila asubuhi. Nikakwambia piga msasa, funga, litatembea. Ukasita. Nikakukaripia, nikauliza nani fundi hapa, mimi au wewe. Ndiyo maana nilikubali kufungwa. Sikuwa nakubebea mzigo wako, mwanangu, ulikuwa wangu.

Hawaniamini. Wananitolea barua yangu ya Aprili. Mzee, hapa uliandika kwamba hajui hata kushika spana, leo unasema alikupigia kukuuliza habari za shafti? Wananionyesha mlango kwa upole, kama mtu anayemwongoza mgonjwa. Nilisema uongo ili nikuokoe, na sasa nikisema kweli hakuna anayenisikiliza.

Wewe watakuamini. Hukumu yako ni tarehe tano mwezi ujao. Simama useme ni baba aliyeniambia. Neno hilo moja tu. Naona aibu kubwa kukuomba, lakini nakuomba. Sili, silali.

Baba yako

Julai 31

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Mimi mzima, usiwe na wasiwasi. Blanketi nimelipata, ni kubwa, tunajifunika na mwenzangu. Chakula kipo, na nimepewa kazi ya kutengeneza mikokoteni ya jikoni, kwa hiyo mikono haijalala. Nimefurahi kusikia kigari kimetoka. Mwambie fundi cherehani asirundike marobota ya vitambaa nyuma.

Kuhusu hiyo simu, baba, siikumbuki. Wiki ile ulikuwa na homa kali, huenda uliota. Usiende tena polisi, ni mbali na vumbi lile litakuamshia kifua. Dawa meza kwa wakati, na mama umwongeleshe, hata kama hajibu.

Mwanao,
Kifungua mimba wako