Kanda za Wachina Zilizompeleka Mutuku Seli

Mutuku, mwana wa mama yangu,

Jumapili iliyopita Ndambuki alisimama mbele ya kanisa akalia. Nakuandikia wewe kwa sababu hapa kijijini Tulia sina mwingine wa kumwambia nilivyohisi. Wote walikuwa wanapiga makofi.

Lakini nikianzia hapo nitaichana karatasi hii. Acha kwanza nikupe habari za nyumbani.

Kibanda chako cha kutengeneza redio sasa ni cha kinyozi. Mimi bado niko na cherehani yangu pale barazani, nashona sare za shule. Mwaitu, mama yetu, anaona kwa jicho moja tu, lakini bado anakataa mtu mwingine ampikie muthokoi, anasema sisi wengine tunayaacha mahindi yakiwa na maganda. Televisheni haikurudi. Kanda nazo hazikurudi. Nilienda kituoni kuziulizia, na askari wa kaunta akaniuliza kama nimechoka kulala nyumbani kwetu.

Hata hivyo bado naziona kichwani, Mutuku. Nikikanyaga cherehani naziona.

Unakumbuka wale Wachina waliokuwa wanachimba visima upande wa Kanyangi? Uliwatengenezea redio na jenereta, na siku ya kuondoka wakakuachia hiyo jenereta, televisheni, mashine ya video na katoni ya kanda. Hakuna kanda hata moja iliyokuwa na neno la Kiingereza. Yule dereva wao mzee alikuelezea kwa mikono: huyu polisi, huyu mwizi, huyu mpelelezi wa adui. Yaliyobaki ukayatunga mwenyewe. Kila Jumamosi mchana, soko likianza kulegea, ulisimama kando ya televisheni na fimbo ya kuelekezea kama mwalimu, ukitutafsiria lugha usiyoijua.

Mwanzoni niliona mambo yale ni ya kuchosha. Watu wanakaa tu chumbani wanavuta sigara na kunywa chai kwa vikombe vyenye vifuniko. Hakuna anayekimbia, hakuna anayepiga risasi. Mpelelezi anaangalia kitako cha sigara hadi mtu unasinzia. Halafu siku moja nikaanza kuona alichokuwa anakiona yeye. Muuza mboga anapanga kabichi tatu dirishani badala ya mbili, na mtu wa ng'ambo ya barabara anageuza baiskeli anarudi alikotoka. Nilishtuka nikashika kifua. Tangu hapo sikukosa hata Jumamosi moja.

Nilimpenda yule fundi wa nguo aliyekuwa jasusi, mwanamke mwenye nywele fupi, aliyeshona ujumbe ndani ya pindo la koti la jenerali. Nilitazama mikono yake tu. Alishona vizuri kweli, si kuigiza. Na yule mpelelezi mkuu ulimwita Nzioka, yaani aliyerudi, kwa sababu kila wakidhani wamemuua anarudi. Watu wa soko walimzoea hadi wakawa wanasalimiana kwa habari zake. "Nzioka amelala wapi leo?" "Bado anamfuata yule wa miwani!" Akina mama wa kanisa waliokataa sinema zote duniani walikuja na stuli zao, kwa sababu Wachina wako hawakubusiana.

Kitu kimoja tu sikukiamini, na nilikuambia. "Mutuku, hawa hawakamatagi mtu asiye na makosa?" Kweli, katika katoni ile yote, kila aliyefungwa pingu alikuwa na hatia. Mwisho wa kanda analia, anasema kila kitu, anamtaja mama yake, na Nzioka anarudi kwake kula chakula kilichopoa. Wewe ulicheka. "Dada, mtu asiye na makosa hana hadithi."

Si kweli. Wewe ulikuwa na hadithi.

Ndambuki, muuza mbegu, mzee wa kanisa letu, alikaa mbele kila wakati. Alikuwa na kiti chake mwenyewe, cha kukunja. Ndiye aliyekuwa wa kwanza kusema, "Yule ndiye msaliti! Angalieni macho yake!" Na mara nyingi alipatia. Tulidhani ana akili sana ya kusoma watu.

Siku ile Nzioka alikuwa anamhoji mwizi wa mashine kiwandani. Kabla ya swali la kwanza akammiminia chai. Wewe ukasimamisha kanda, ukatugeukia. "Mmeona? Kwao askari anaanza na chai. Kwetu anaanza na nini?" Watu walicheka hadi stuli zikaanguka. Ndambuki alijipiga paja kwa kicheko. Nilimwona.

Wiki hiyo hiyo Landrova ya polisi ikaja kibandani, ikakubeba wewe, televisheni na kanda.

Uliporudi, ulilala mkekani kando ya ghala ukanieleza kwa sauti ambayo haikuwa yako. Walizipanga kanda juu ya meza. Wakakuuliza zinasema nini. Ukasema hujui Kichina. Wakauliza, kama hujui Kichina, kila Jumamosi unawaambia wananchi nini? Ukasema unatunga. Wakauliza nani anakutuma utunge. Ukasema hakuna. Ndipo wakaanza na kile walichoanza nacho. Uliniambia, "Mwikali, hakukuwa na jibu. Nilitafuta lile wanalolitaka niwape, sikuliona." Mikono yako haikuweza tena kushika bisibisi. Ukaanza kukohoa damu. Mbaazi zikiwa bado na maua ukatuacha, na kwenye cheti wakaandika kichomi.

Unajua nani alikuwa mwenyekiti wa kamati ya mazishi yako? Ndambuki. Unajua nani alishika jeneza upande wa kichwa? Alianzisha wimbo kwa sauti nzuri sana. Nilimshukuru, Mutuku. Nilimshika mkono kwa mikono yangu miwili nikamshukuru.

Sasa Jumapili. Wakati wa ushuhuda akaenda mbele, akasema Bwana amemsumbua moyo kwa muda mrefu. Akasema yeye ndiye aliyemwendea chifu. "Nilimwambia tu kwamba kijana ana kanda za kigeni na anaidharau serikali. Sikujua watampiga." Kisha akalia, akamtaja hata mama yake marehemu. Kwaya ikaanza bila kuambiwa. Watu wakalia. Pasta akamkumbatia, akasema, "Dada Mwikali, njoo mbele umpe ndugu yako mkono."

Niliketi. Nilikuwa nimeshika benchi, na mbao iliniumiza vidole. Nilikuwa nimeona mwisho wa namna hii mara nyingi sana pale kwako: mtu analia, anaeleza yote. Nikawa nangoja yanayofuata. Yakaja mandazi na chai. Walimpa kikombe yeye kwanza.

Mwaitu aliinuka. Alipapasa njia kati ya mabenchi, akampata, akamshika mkono. Kanisa lote likasema amina. Tukirudi nyumbani, tulipofika mtoni, akasema, "Mimi nimezeeka, Mwikali. Nataka usingizi." Yeye ndiye aliyekuzaa. Lakini najua wanawake wa kanisa wanasema mimi nina moyo wa jiwe, na najua kwamba jana watu walinunua mbegu nyingi kwa Ndambuki kuliko siku zote, kwa sababu ni mtu mkweli.

Binti yako Kasyoka alikuwa pale kanisani. Sasa yuko darasa la sita, ana kidevu chako. Jioni tukipukuchua mbaazi akaniuliza, "Shangazi, kumbe baba hakufa na kichomi?" Nikamweleza yote, na majina. Alisikiliza bila kuacha kupukuchua. Mwisho akauliza, "Na yule mzee, na wale polisi, watafungwa lini?"

Nilimwambia sijui. Aliniangalia kama mtu aliyedanganywa.

Basi nakuaga, mwana wa mama. Mwaitu amesamehe lililo lake. Msamaha wako si wangu kuutoa, na sitautoa, hata wakiniita mbele kila Jumapili hadi nizeeke. Na nakuahidi hili: siku Kasyoka atakapotaka kwenda kuuliza mwenyewe kule kituoni, sitamwambia anyamaze. Nitamshonea nguo nzuri ya kuendea, na mlangoni nitatangulia mimi.

Dada yako,
Mwikali