Magoti ya Mzee Mutiso

Jumapili, Oktoba 1986

Na ng'ombe mwenyewe ni wangu! Nilimfunga nyuma ya kanisa nimchinje kesho, niuze kwa bucha yangu. Usiku akakata kamba, akaenda kunywa maji ya ubatizo, kwato zikatoboa turubai tulilotandika shimoni, maji yakavuja. Maji ambayo akina mama waliyachimba kwenye mchanga wa mto uliokauka, wakayabeba mgongoni!

Asubuhi Mzee Mutiso, aliyekuwa abatizwe leo, alikataa kungoja mvua. Nikamlaza kwenye maji yaliyobaki. Kichwa kikazama, magoti yakatokea. Nikasukuma magoti, tumbo likapanda.

Akainuka akitiririka. "Pastor, si ni wewe uliandika kwa jarida ya kanisa ati mwili usipozama wote, huo si ubatizo? Sasa hizi magoti zangu zitaenda wapi?"

Wote wameisoma hiyo makala. Nyama yao huwa nawafungia nayo.

Nacheka, lakini naogopa. Mzee amezeeka sana, mvua haionekani, na akifa kabla hatujayazamisha hayo magoti...

Mke wangu anasema kesho nikichinja nimpelekee Mzee maini. Nitampelekea. Na makala ya mwezi ujao nimeshaianza.

Inahusu neema.