Aliniuliza Mara Mbili

Jumatatu, 4 Novemba 2019
Wamemleta Marlys Tveit chumba cha mkabala. Kati ya nyumba zote za wazee za Minnesota — wakaiona hii! Ana miaka sitini na sita, kipofu tangu akiwa na siku nne. Hanijui. Mimi namjua: nilikuwa nesi wa zamu alipozaliwa.
Mchana alionja supu, akasema mpishi afungwe jela. Simpendi. Kutompenda ni rahisi zaidi.

Jumanne, 5 Novemba
Mezani amemtukana marehemu mama yake. Eti alikuwa na kisonono, akamwambukiza machoni kwa mikono yake michafu. Hospitali ilimtia yeye dawa ya macho alipozaliwa, imeandikwa! Hata mazikoni kwa mama yake Marlys hakwenda. Ijumaa mchungaji anakuja na karatasi, atie saini azikwe mbali na mama yake.
Nikamwambia anyamaze, watu wanakula.
"Wewe bibi," akasema, "una sauti ya mtu aliyeiba."

Alhamisi, 7 Novemba
Daktari anasema moyo wangu hauna wiki nyingi. Basi niandike.
Juni 1953. Kwa sheria, kila mtoto alitiwa matone machoni akizaliwa, kisonono cha mama kisimpofushe. Yalivimbisha kope siku mbili. Baba yake Marlys, mtu mkubwa mjini, alitaka mpiga picha amkute mtoto macho wazi. Nami nilipenda kusifiwa na wakubwa. Sikutia. Kwenye fomu nikaandika nimetia.
Inga, mama yake, aliniuliza mara mbili: nesi, umeshamtia? Nikamjibu ndiyo, lala.
Siku ya nne usaha uligandisha kope. Wote wakasoma fomu yangu, wakamgeukia Inga. Baba, aliyeuleta ugonjwa nyumbani, hakuulizwa na mtu. Nikanyamaza. Mpaka leo.

Ijumaa, 8 Novemba
Mchungaji yuko chini, anakunywa kahawa. Marlys ameingia kwangu bila kubisha, fimbo ikagonga kitanda. Anasema jana alisikia kalamu yangu ikikwaruza, na mimi nikilia. Kuna jina lake humo? Nikasema lipo.
"Soma."
Nikasema haya ni mambo yangu ya siri.
"Yako utazikwa nayo. Mimi nataka yangu."
Nimeanza na Jumatatu, pamoja na matusi. Kwenye supu amecheka. Nimefika Alhamisi, kwenye jibu langu kwa Inga. Ameushika mkono wangu wa kushoto, anaubana mpaka mifupa inauma. Wa kulia unaandika. Mchungaji anapiga hodi mlangoni.
"Asiingie," anasema Marlys. "Soma tena. Pale mama alipouliza."